Vyote Vinavyogusa Udongo Wake

Shamba likifungwa na mtu mwenye mamlaka, kisha mamlaka yale yakaisha, na wazee waliojua namna ya kufungua wakafa, ni nani aliyebaki na haki ya kusema kwamba limefunguka? Nimesomea udongo chuo kikuu, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeimaliza katika kazi ya kilimo wilayani Mbulu na Hanang, lakini swali hilo bado linanishinda. Aliyeniachia ni mtu ambaye sote tulimwita Mkaguzi. Tulimwita hivyo hata baada ya kustaafu, na mkewe alimwita hivyo hivyo chakula kilipokuwa tayari.

Kazi yake ilikuwa magonjwa ya mimea. Wengi wakisikia hivyo humfikiria daktari, na yeye hakuupenda ulinganisho huo. "Daktari anatibu," aliniambia siku zangu za mwanzo, tulipokuwa tukitembea katikati ya mahindi yaliyokauka kabla ya kukomaa kule Endasak. "Mimi sitibu. Mimi nasimama mlangoni." Alimaanisha kwamba alikuwa mtu wa sheria. Aliamua mbegu gani iingie, gunia gani litoke, na shamba gani lifungwe ili kilichomo kisitembee. Mkulima aliyemkimbilia akitarajia dawa mara nyingi aliambulia amri ya kung'oa na kuchoma, na Mkaguzi hakuondoka mpaka moshi uishe.

Viatu vyake vilijulikana kuliko uso wake. Yalikuwa mabuti ya mpira, meusi, na nyuma ya gari hakukosa ndoo yenye maji ya klorini na brashi ya kufulia. Aliyaosha kabla ya kuingia shambani na akayaosha tena alipotoka, akichokoa nyayo kwa msumari mpaka mistari yote ionekane. Aliwaosha viatu na wenzake. Nimesimama kwa mguu mmoja katika baridi ya Mbulu, ukungu ukinipita usoni, nikiwa nimemshika bega huku akikichokoa kiatu changu kama fundi. Mkewe alizoea kuwaambia wageni, "Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa ni ile ndoo."

Wafugaji wa tambarare walimwona kichekesho. Mzee mmoja wa Gehandu alikuja Endasak kununua mabua mabichi ya mahindi kwa ajili ya ng'ombe wake, wakati Mkaguzi ameshaagiza kwamba mabua yasihame. Mzee akayatazama mabuti, akaitazama ndoo.

"Wewe unaosha viatu viwili," alisema. "Ng'ombe wangu ana vinne. Utaviosha vyote?"

"Nitaviosha ukimshika."

"Akikupiga teke?"

"Nitaandika kwamba alikataa ukaguzi."

Yule mzee alicheka mpaka akaiegemea fimbo yake. Mabua hayakuhama msimu ule. Tangu hapo, kila walipokutana mnadani, mzee alipaza sauti akiwa mbali: "Mkaguzi! Leo nimewanawisha wote!" Na Mkaguzi, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, alicheka.

Usemi wake ulikuwa na uangalifu uliochosha. Hakuwahi kusema "hakuna ugonjwa." Alisema, "Leo sijauona." Mkulima angemsihi, mnunuzi angemkasirikia, naye asingeongeza neno. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mkewe akiuliza kama kuna chumvi, jibu lilitoka chumbani: "Sijaiona." Nilidhani ni maringo ya wasomi mpaka nilipoelewa kwamba aliyaogopa maneno. Aliamini kwamba neno la mkaguzi likishatoka halirudi, kwa sababu watu hupanda juu yake.

Jambo jingine lililowaudhi watu wa nyanda za juu ni kwamba hakula wala hakunywa katika nyumba ya mtu anayemkagua. Alitembea na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya mfuko, pamoja na chupa ya maji. Akina mama walimletea maziwa mgando, naye akaweka mkono kifuani, akashukuru, akakataa. Kwake huo ulikuwa usafi wa kazi: leo kikombe cha maziwa, kesho mbuzi, keshokutwa cheti kwa shamba lisilostahili. Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu. Namweka hapa pamoja na mapungufu yake, maana asingependa nimsafishe.

Kwa mfano, uani kwake Katesh palikuwa na waridi jekundu alilolitoa mbali sana, kusini, likiwa limeviringwa katika gazeti lenye unyevu na kufichwa chini ya kiti cha gari. Vizuizi vyote alivipita nalo bila cheti. "Nililitaka," alisema nilipomuuliza, kama mtoto. Lakini hakuna jirani aliyewahi kupewa hata tawi lake moja. Wakiomba, alisema mmea ule bado uko chini ya uangalizi. Ulikaa chini ya uangalizi miaka yote niliyomjua.

Alipostaafu alifanya kazi ya ushauri, na baada ya muda nami niliacha ajira nikamfuata. Vikundi vya wakulima wa vitunguu saumu vya Mbulu, pamoja na wanunuzi waliotaka kupeleka saumu nje, walimwita awaambie ni wapi pa kupanda na wapi pa kuepuka. "Zamani nilikuwa nasema msipite," alisema. "Sasa naulizwa njia." Hakuizoea kazi ile mapema. Alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba zuri, la kijani, akinusa hewa kama mtu anayesubiri habari mbaya. Na saumu yenyewe hakuila. Mkewe aliipika akiwa peke yake nyumbani, madirisha yakiwa wazi.

Kisa chake na saumu nilikijua siku tulipopanda kwenye ukingo mmoja juu ya mji wa Mbulu, ambako yeye alikuwa amefika miaka mingi kabla, akiwa bado mtumishi. Lazima kwanza nieleze kilichotokea safari ile ya zamani. Sikuwepo. Nilisimuliwa na watu kadhaa kwa nyakati tofauti, na wote walilirudia jibu lake kwa maneno yale yale.

Alikuta shamba la saumu la familia moja likiwa na uozo mweupe. Majani huanza kuwa manjano nchani. Ukiuvuta mmea unakuja bila ubishi, kwa kuwa mizizi haipo tena, na kwenye kitako kuna utando mweupe kama pamba, wenye punje nyeusi ndogo mfano wa mbegu za mchicha. Punje hizo ndizo mkosi wenyewe. Hulala udongoni miaka na miaka bila kula chochote, zikisubiri kitunguu. Dawa ya kuaminika hakuna. Mahindi yatastawi pale pale, maharage yatastawi, lakini saumu haitapandwa tena, na udongo ule ukibebwa kwa jembe au kwa kwato, ukingo mzima utapoteza zao lake.

Aliitisha mkutano. Katika kijiji alichotoka kabla ya hapo alikuwa amesema "karantini," na mtu mmoja akauliza inauzwa duka gani. Hakutaka kurudia kosa hilo. Alikuwa amejifunza Kiiraqw kiasi, na alijivunia. Akatafuta neno la wenyeji, akalipata, akalisema kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo: shamba hili, alisema, liko kwenye metimani.

Watu wakageuka kuwatazama wenye shamba.

Kwetu sisi Wairaqw, nyumba iliyopatwa na jambo zito, hasa vifo vya namna fulani, ilikaa pembeni. Watu wake hawakuingia kwa wengine, hawakunywa kwenye kibuyu kimoja na wengine, na moto wa jiko lao haukuvuka kwenda jiko jingine. Hiyo ndiyo metimani. Haikuwa adhabu. Ilikuwa namna ya kulizuia balaa lisitembee, na ilikuwa na mwisho: wazee walikaa, wakaosha, wakasema basi. Baba yangu, aliyekuwa katekista, alitufundisha kwamba mambo hayo yamepita. Yalikuwa yamepita kwa namna ambavyo mambo hupita kule juu: yaliacha kutajwa.

Mzee mmoja akasimama, akauliza kwa Kiswahili ili pasiwe na makosa: "Mkaguzi, ni shamba, au ni nyumba?"

Naye, mtu yule aliyeogopa kusema "hakuna," alijibu kama mwanasayansi: "Vyote vinavyogusa udongo wake."

Mkutano ulipokwisha, mama mwenye shamba alimletea maziwa mbele ya watu wote. Akaweka mkono kifuani, akashukuru, akakataa. Akaosha mabuti, akaondoka.

Yaliyofuata hakuyajua mpaka siku tuliyopanda pamoja. Tulikuwa tukienda kwa mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha saumu, tulipomwona mwanamke chini ya njia akiwa na mzigo wa kuni. Alisimama mbali, akautua mzigo, akaficha mikono nyuma.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, mama. Sogea tusalimiane vizuri."

"Hapa panatosha."

Mkaguzi alidhani yule mama amekasirika. Tulipofika kwa yule kiongozi wa kikundi, ambaye ndiye jirani wa karibu zaidi wa yule mwanamke, alimkuta anapukuchua maharage, akauliza yule mama ana nini.

"Yule bado yuko kwenye ile yako," jirani alisema bila kuinua macho.

"Ile yangu ipi?"

"Metimani. Si ulimweka wewe mwenyewe ukaondoka?"

"Nilifunga shamba."

"Tulikuuliza, shamba au nyumba. Ulisemaje?"

Mkaguzi aliyatazama mabuti yake.

"Na maziwa yake ulikataa. Tukasema basi, kumbe hata mkubwa huyu anaogopa."

"Mimi sinywi kwa mtu yeyote ninayemkagua."

"Sisi tungejuaje, baba? Kwetu hukuwahi kukagua mwingine."

Alisema bila ubaya, na maganda yaliendelea kuanguka kwenye ungo. Kisha akaeleza mengine. Hakuna aliyewatukana. Kanisani walikaa kwenye benchi kama watu wote, ila mwisho wa benchi, na benchi likawa refu. Kikundi cha kusaidiana kulima hakikuwahi kuwakataa. Kilisahau tu kuwaita. Wana wa kiume walihamia Babati. Sasa alibaki binti wa mwisho, na alikuwa amepata mchumba kutoka ukingo mwingine, kijana mzuri. Wazee wa kijana walikuwa wamesema watakuja kuleta posa siku nyumba itakapofunguliwa.

"Sasa nani afungue?" jirani alisema. "Wazee waliojua wamekwisha. Na hii haikuwa ya wazee. Ilikuwa ya serikali."

Kabla hatujashuka, Mkaguzi alikwenda ukingoni mwa shamba lile, akachota udongo, akaufunga vizuri. Kule Katesh aliusuuza kwenye chujio, akainamia lenzi. Aliponiita nitazame, niliziona zikiwa zimekaa kwenye kitambaa cheupe: punje nyeusi, nzima, zikingoja.

"Ziko hai," alisema.

Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi iliyowahi kumtuma. Kijana mpole aliniambia kwamba amri za namna ile zilikwisha zenyewe kitambo, hivyo hakuna cha kufuta. Nilipomletea jibu hilo Mkaguzi alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisheria shamba lilikuwa wazi, na udongo wake ulikuwa bado umefungwa. Ile nyumba haikuwahi kufungwa na mtu yeyote, na ndiyo iliyofungika kuliko vyote.

Tangu siku ile alianza kuandamwa. Sina neno jingine. Tulipokuwa Dirma kukagua maharage, alisimama ghafla katikati ya mistari akaniuliza kama nimesikia mtu akisema hapa panatosha. Aliosha mabuti mara mbili, kisha akawa anaosha na mikono, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Mkewe aliniambia amekuwa akikaa jikoni akiyatazama mafiga. Nilimsihi twende tukaseme na wale watu. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Niende nikaseme nini? Nikisema pamefunguka, watapanda saumu pale. Ukingo mzima utaoza kwa neno langu la pili."

Kisha tope likashuka kutoka Mlima Hanang, likafukia nyumba na watu. Wote tunakumbuka, na sitaki kulisimulia. Katika Katesh hakuna nyumba isiyo na wa kumtaja. Mkaguzi alipatwa na kiharusi miezi michache baadaye, kikamwachia mguu wa kushoto mzito. Nilipomtembelea, alasiri moja, alikuwa amekaa uani karibu na waridi lake, fimbo magotini.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Usiniulize afya, muulize mama, yeye ndiye anayeitunza."

Tulikaa. Alinyoosha fimbo kuelekea mlimani, kwenye kovu la udongo.

"Niliona siku ile," alisema. "Udongo wa huyu juu ya udongo wa yule. Mashamba yote yamekuwa moja. Na mimi nimemweka mwanamke mzima nje ya watu kwa ajili ya tope la kwenye kiatu."

"Ulizuia ugonjwa. Ukingo ule bado una saumu."

"Una saumu, ndiyo. Na hilo ndilo linaloniumiza. Kama ningekuwa nimekosea ningekwenda kuomba radhi siku ile ile. Nilikuwa sahihi, nikakaa."

Mkewe alileta chai akakaa nasi. Alisikiliza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta kijiko, "Lakini wewe Mkaguzi, kwani ugonjwa ule unakaa kwenye maziwa?"

"Hapana."

Niligeuka kumtazama. Katika miaka yote ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema hapana pasipo kuongeza "leo sijauona."

"Kwenye moto je?"

"Moto unauua."

"Basi si ungekunywa maziwa?" mkewe alisema, akanimiminia chai.

Mkaguzi alilitazama waridi hadi kivuli cha nyumba kikalifikia. Aliponitazama tena niliona kwamba mawazoni ameshaanza safari, mwili tu ndio uliobaki kwenye kiti.

"Gari lako lina mafuta?"

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Tulipita Endasak watu wakitoka na majembe, tukapanda ukingo juu ya Dareda, na ukungu ukatupokea. Mfuko wa viazi hakuuchukua. Ndoo aliichukua.

Tulimkuta mama mwenye shamba mlangoni mwake, akabaki ameshika fremu, hajui arudi ndani au atoke. Mkaguzi aliburuta mguu wake mpaka kizingitini, akasema hodi, akaingia bila kungoja jibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama, yale maziwa uliyoniletea siku ile, nimeyafuata."

"Yale yalishaharibika, baba," mama alisema. Nilisikia sauti yake ikitaka kucheka na kushindwa. Binti yake alitoa kibuyu, akakitikisa, akamimina. Mkaguzi alikunywa yote, akarudisha kikombe kiongezwe, akanywa tena.

"Sasa nipe kaa la moto."

"Siku hizi unavuta sigara?"

"Sivuti. Nalipeleka kwa jirani."

Yule mama alisogea jikoni. Kisha akapiga magoti kwenye mafiga yake, akachagua, akaweka kaa moja jekundu juu ya kigae, akalizungushia majivu. 

Njia ya kwenda kwa jirani inagusa pembe ya shamba lile. Hapo Mkaguzi alisimama, akanikabidhi kigae, akaosha mabuti kwenye ndoo, kushoto na kulia, akichokoa nyayo kwa msumari wake. Aliosha na yangu. Watu waliokuwa wakilima upande wa pili waliacha kulima. Akanawa, akafuta mikono kwenye koti, akalichukua kaa lake. Mtu huyu alikuwa amemaliza maisha yake akizuia vitu visivuke kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine, na sasa alivuka navyo mwenyewe, akichechemea, akilikinga kaa na upepo kwa kiganja.

"Hodi hapa."

Jirani alikuwa jikoni. Moto wake ulikuwa unawaka tayari, sufuria juu yake. Aliona kigae, akajua kimetoka wapi.

"Shamba lile la saumu bado limefungwa," Mkaguzi alisema, kwa nguvu, ili wa nje wasikie. "Litabaki limefungwa hata mimi nikifa. Msipande kitunguu pale, msichukue udongo wake, mkipita mwoshe viatu. Lakini nyumba sikuwahi kuifunga. Mliniuliza vizuri, mimi nikajibu vibaya. Nimekunywa maziwa yao, na huu ni moto wao."

 Kaa lilikuwa limeanza kuwa na rangi ya kijivu pembeni. Jirani aliliangalia, akamwangalia yule mzee aliyesimama na mguu mmoja unaomtii, akageuka akatazama nje, kule watu walikosimama na majembe. Sijui alimwona nani. Kisha akaepua sufuria, akauvuta ukuni mmoja kutoka kwenye mafiga, akaacha nafasi.

"Weka mwenyewe," alisema.

Nilimshika bega, kama alivyozoea kuniambia nimshike. Alipiga goti, akaliinamisha lile kaa, likaangukia katikati ya mengine, na kwa muda lilionekana jeusi pale, peke yake. Jirani akainama kando yake, akapuliza.